Majina Yaliyolala Chini ya Jina la Bwana

Cheti cha kifo cha Melvinia Shields kiliandikwa mwaka 1938 huko Kingston, mji mdogo wa jimbo la Georgia nchini Marekani. Marehemu alikuwa bibi kizee aliyepita umri wa miaka 90, mwenye watoto, wajukuu na vitukuu. Cheti kina nafasi mbili ambazo hujazwa kwa kila marehemu, moja ya jina la baba na nyingine ya jina la mama, na katika nafasi hizo liliandikwa jibu moja tu, kwamba hawajulikani.

Miaka 71 baadaye, mwaka 2009, mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak na gazeti la The New York Times walitangaza matokeo ya utafiti uliomuunganisha bibi huyo na Ikulu ya Marekani. Melvinia alimzaa Dolphus, Dolphus akamzaa Robert Lee, Robert Lee akamzaa Purnell, Purnell akamzaa Marian, na Marian ndiye aliyemzaa Michelle Obama. Kwa hesabu ya ukoo tunayoijua, ya mjukuu, kitukuu na kilembwe, mke wa rais wa wakati huo alikuwa kilembwekeza wa Melvinia. Nyaraka ziliwarudisha watafiti nyuma zaidi ya cheti, hadi kwenye wosia ulioandikwa mwaka 1850 na mwenye shamba wa South Carolina aliyeitwa David Patterson. Miongoni mwa vitu alivyowagawia warithi wake, pamoja na magurudumu ya kusokotea nyuzi, miundu, vitambaa vya meza na ng'ombe, alikuwemo mtoto wa kike wa miaka 6, ambaye muda mfupi baadaye alikadiriwa kuwa na thamani ya dola 475. Mtoto huyo ndiye Melvinia.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama safari ya familia moja kutoka utumwani hadi Ikulu, na inastahili kusimuliwa hivyo. Kwa anayefuatilia utafiti wa nasaba za Wamarekani Weusi, hata hivyo, lenye uzito zaidi ni mahali Melvinia alipopatikana. Hakupatikana katika kitabu cha ukoo wala katika Biblia ya familia yenye kurasa za waliozaliwa na waliokufa. Alipatikana katika karatasi za mtu aliyemmiliki, nazo zilitunzwa vizuri kwa sababu zilihusu mali. Watu husema kwamba Wamarekani Weusi hawana maandishi ya kuwaonyesha wahenga wao. Maandishi yapo, na katika kaunti nyingi za Kusini ni mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuyasoma maishani mwake. Ila yaliwekwa na sheria chini ya jina la mtu mwingine. Njia ya kumfikia mhenga inapita katika nyumba ya aliyemmiliki, na kwa sababu hiyo naamini kwamba wanaozishika nyaraka hizo leo, ziwe taasisi au familia, wanadaiwa kuzifungua.

Watafiti wa Marekani huuita mwaka 1870 ukuta. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina karibu Wamarekani Weusi wote, kwa kuwa utumwa ulikuwa umekomeshwa na katiba mnamo Desemba 1865. Anayeanza na wazazi wake na kurudi nyuma kwa uvumilivu, sensa baada ya sensa, anaweza kuufikia mwaka huo, ingawa hata njia hiyo ina mashimo yake. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto uliozuka Washington Januari 1921, na hivyo kati ya 1880 na 1900 pana giza la miaka 20, muda wa kutosha kwa mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kuhama kabla hajaandikwa mara moja akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Majimbo mengi ya Kusini hayakuanza kusajili vizazi na vifo kwa utaratibu wa jimbo zima hadi miaka ya 1910. Kisha likaja wimbi la kuhamia Kaskazini na Magharibi, ambapo kati ya 1910 na 1970 watu Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini, na wengi wao waliwakataza watoto kuuliza habari za huko walikotoka.

Kabla ya 1870 hali inabadilika kabisa. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 walikuwa watumwa, na sensa ya mwaka huo, kama ile ya 1850, iliwawekea orodha yao ya pekee. Ukiufungua ukurasa wa orodha hiyo utalikuta jina la mwenye watumwa, na mbele yake mistari inayoshuka kwa namna hii: miaka 34, mwanamke, B, miaka 12, mwanamume, M, miaka 3, mwanamke, B. Herufi ya B ni ya mweusi na ya M ni ya chotara. Safu ya jina la mtumwa haipo. Anayemtafuta mhenga aliyezaliwa karibu mwaka 1826 hubaki akiutazama mstari wa mwanamke wa miaka 34, akijiuliza kama ndiye, na ukurasa haumwambii kitu.

Kwetu, mtu mzima akimkuta mtoto asiyemfahamu njiani humuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Jibu lake humweka mtoto katika ukoo, katika mtaa na katika heshima ya wazee wake. Katika mashamba ya pamba ya Mississippi na Georgia swali la "wa nani" lilikuwa na jibu jingine, na jibu hilo lilikuwa jina la bwana. Baba wa mtoto hakuwa na nafasi katika sheria, kwa maana ndoa za watumwa hazikutambuliwa na mara nyingi mume aliishi katika shamba la bwana mwingine, akiruhusiwa kumtembelea mkewe kwa kibali. Mtoto alifuata hadhi ya mama yake, na mama alikuwa mali. Huo ndio msingi wa ukuta wa 1870, na asiyeuelewa msingi huo atahangaika kuugonga ukuta mahali usipo na mlango.

Sheria iliyomnyima mtumwa jina katika sensa ndiyo iliyolazimisha aandikwe kwa jina kwingineko. Mali hurithiwa, hugawanywa, huuzwa, hukodishwa, huwekwa rehani na hugombaniwa mahakamani, na kila tendo la namna hiyo hudai karatasi ya kuitofautisha mali moja na nyingine. Bwana alipofariki, mahakama ya kaunti iliteua watu wa kuithamini mirathi, nao walipita nyumbani na shambani wakiandika kila walichokiona pamoja na bei yake. Katika orodha zao, baada ya nyumbu na jembe la kukokotwa, huja majina: mwanamume fulani na bei, mwanamke fulani na watoto wake wawili kwa bei moja. Baada ya Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje kuanzia Januari 1808, meli zilizowachukua watumwa kutoka bandari za ndani kama Baltimore na Alexandria hadi New Orleans zilitakiwa kuwa na orodha inayotaja jina, jinsia, umri na kimo cha kila mmoja, ili kuthibitisha kwamba hakutolewa Afrika hivi karibuni. Nia ya karani ilikuwa kulinda sheria ya forodha, lakini aliacha nyuma kimo cha msichana wa miaka 15 aliyetenganishwa na mama yake, na kimo hicho leo ni karibu kitu pekee ambacho familia yake inakijua kuhusu umbo lake.

Kwa hiyo mtafiti anayefika kwenye ukuta hulazimika kuacha kwa muda kumtafuta mtu wake na kuanza kumtafuta bwana. Hujifunza ukoo wa bwana kana kwamba ni wa kwake: alioa wapi, mkwe wake alikuwa nani, binti yake alipoolewa alipewa nini, alikopa kwa nani na aliweka rehani nini. Watumwa walihama kwa njia ya zawadi walizopewa mabinti walioolewa, mirathi na madeni ya mabwana, na asiyejua kwamba binti wa Patterson aliolewa na Henry Shields wa Georgia hawezi kujua ni kwa nini mtoto wa South Carolina alijikuta Georgia baada ya Patterson kufariki mwaka 1852. Kazi hii ina ufundi wake, lakini si ya ufundi tu. Kumsoma mama wa ukoo wako katika mstari unaofuata ng'ombe, ukiwa umeketi katika chumba kimya miongoni mwa wageni, ni jambo linalohitaji moyo. Wapo wanaofunga daftari hapo na hawarudi tena, na sioni ni kwa haki gani mtu angewalaumu.

Swali linalofuata ni namna ya kumjua bwana mwenyewe, na hapa ndipo wengi hupotea kwa kudhani kwamba jina la ukoo lililoandikwa 1870 ni la bwana wa mwisho. Huenda ni lake. Huenda pia ni la bwana aliyemmiliki baba au babu miaka mingi kabla, lililobaki katika familia kwa siri kwa sababu liliwaunganisha na ndugu waliouzwa mbali. Huenda ni jina walilolichagua wenyewe siku ya uhuru, na huenda lilibadilika tena kabla ya sensa ya 1880. Makarani waliandika walivyosikia, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana kwa majina mawili katika kaunti moja. Sensa ya 1870 haikutaja hata uhusiano wa watu wa nyumba moja. Ile ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza nani ni mke, nani ni mtoto na nani ni mama mkwe, na pia wazazi wa kila mtu walizaliwa jimbo gani. Mtafiti makini huzisoma zote mbili pamoja, huku akiwaandika majirani wa pande zote, weupe kwa weusi, kwa kuwa waachwa huru wengi walianza maisha mapya hatua chache tu kutoka walipokuwa watumwa.

Ziko nyaraka chache ambazo katika hizo walioachwa huru waliulizwa wenyewe habari zao, na hizo nazithamini kuliko nyingine zote. Tarehe 3 Machi 1865 serikali ya Marekani iliunda idara ya kuwahudumia wakimbizi na waachwa huru, inayojulikana kama Freedmen's Bureau, ambayo ilifanya kazi hadi 1872. Maofisa wake waliandika mikataba ya kazi, mgawo wa chakula, ndoa, shule, hospitali na malalamiko ya waliopigwa au kunyimwa ujira. Kwa zaidi ya karne moja makaratasi hayo yalikuwa yakipatikana kwa yule tu aliyeweza kukaa miezi akiyapekua, na baadaye mbele ya mashine ya filamu, kwani hapakuwa na faharasa ya majina. Kati ya Juni 2015 na Juni 2016, watu wa kujitolea wapatao 25,000 walisoma picha za kurasa hizo na kunakili majina karibu milioni 1.8. Mtu anayeanza utafiti leo anapata kwa jioni moja kitu ambacho mama yake hakukipata kwa miaka, na ninapowasikia watu wakisema kwamba zana za kompyuta zimeondoa ugumu, hutamani wakumbuke hao 25,000 walioketi wakifumbua mwandiko wa mtu mwingine.

Siku hiyohiyo ya Machi 1865 ilianzishwa pia benki ya akiba ya waachwa huru, Freedman's Savings Bank. Ilifilisika Juni 1874 ikiwa na wateja zaidi ya 61,000 na karibu dola milioni 3 za akiba yao, na maumivu ya anguko hilo yaliendelea kwa vizazi. Kilichosalia ni daftari za kufungulia akaunti. Wateja wengi hawakujua kuandika, basi benki iliwatambua kwa maswali: umezaliwa wapi, umelelewa wapi, bwana wako alikuwa nani, mumeo au mkeo ni nani, watoto wako, baba yako, mama yako, kaka na dada zako, nani yu hai na nani amefariki. Lilikuwa swali la usalama wa fedha, na majibu yake yakawa nasaba. Mfuaji nguo wa Savannah au mpagazi wa bandari ya Charleston, aliyekuja na dola mbili mkononi, alitaja mbele ya karani ndugu ambao hakuwaona tangu mnada. Daftari zilizobaki zina majina karibu 480,000, na faharasa yake, iliyotolewa mwaka 2001, ilitengenezwa kwa miaka 11 na wafungwa wa gereza la jimbo la Utah. Watu waliotengwa na familia zao ndio waliowarudishia wengine familia zao, na jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Kuna pia majalada ya pensheni ya askari. Watu Weusi wapatao 179,000 waliingia jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini uliopigana na majimbo ya Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baada ya vita mjane wa askari alitakiwa kuthibitisha kwamba aliolewa kweli. Hakuwa na cheti, kwa hiyo alileta watu: mkunga aliyempokelea mtoto wake, askari mwenza wa mumewe, jirani aliyecheza katika harusi yao shambani, na mara nyingine hata bwana wa zamani. Serikali ilimtilia shaka mjane huyo kwa namna isiyo ya heshima, na shaka hiyo ndiyo iliyozalisha kurasa nyingi za ushahidi uliotolewa kwa kiapo. Mara kadhaa jalada moja la pensheni limeeleza ukoo mzima ambao sensa tano hazikuweza kuueleza.

Zaidi ya hayo, waachwa huru walianza utafiti huu wenyewe kabla haujapewa jina. Magazeti ya makanisa kama Christian Recorder la Philadelphia na Southwestern Christian Advocate la New Orleans yalichapisha matangazo ya watu waliowatafuta wazazi, watoto na waume, na wachungaji waliyasoma kanisani kwa wasiojua kusoma. Tangazo la kawaida hufuata mpangilio mmoja: nilikuwa wa bwana fulani, mama yangu aliuzwa kwa fulani, kisha akapelekwa Texas na fulani. Waandishi wa matangazo hayo walijua tayari kwamba ndugu hupatikana kwa kufuata mlolongo wa mabwana. Chuo Kikuu cha Villanova kwa kushirikiana na kanisa la Mother Bethel la Philadelphia kilianza mwaka 2017 kuyakusanya na kuyaweka wazi kwa umma, na wazao wa walioandika wanayasoma leo.

Pamoja na hazina zote hizo, nyaraka nyingi za mashamba bado ziko mikononi mwa wengine, na historia ya nani anaruhusiwa kuzigusa haiko mbali. Mwaka 1939 mwanahistoria kijana John Hope Franklin alikwenda Raleigh, mji mkuu wa North Carolina, kusoma nyaraka za jimbo. Mkurugenzi alimweleza kwamba jengo lilipochorwa hakuna aliyefikiria kwamba Mtu Mweusi angekuja kufanya utafiti ndani yake. Baada ya siku chache alitengewa chumba cha peke yake na akapewa ufunguo wa stoo, ili wahudumu Wazungu wasilazimike kumletea vitabu. Wiki mbili baadaye ufunguo ukachukuliwa, kwa kuwa watafiti Wazungu walilalamika kwamba yeye anaingia stoo na wao hawaingii, na kuanzia hapo wahudumu wakaamriwa kumhudumia. Kwa muda wa wiki mbili, basi, mtafiti pekee katika jumba hilo aliyeachwa kupita mwenyewe kati ya rafu alikuwa ni yule ambaye jumba halikujengwa kwa ajili yake.

Leo milango ya vyumba hivyo imefunguliwa kwa wote, lakini maktaba bado hueleza yaliyomo kwa jina la aliyekuwa na mamlaka. Mkusanyo wa Historia ya Kusini wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, ulioanzishwa 1930, ni miongoni mwa hazina kubwa za karatasi za mashamba, na kama mikusanyo mingi ya aina yake unapangwa kwa majina ya familia zilizomiliki. Anayeingia akiwa na jina la mhenga wake pekee hana pa kuanzia. Ndiyo maana kazi ya kutengeneza faharasa ya majina ya watumwa ndani ya mikusanyo ya mabwana inastahili fedha na wafanyakazi wa kudumu, badala ya kuachwa kwa wastaafu wenye mapenzi mema.

Mfano ulio wazi zaidi wa kile kinachotokea taasisi inapofungua kabati lake ni wa Georgetown. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, mapadri wa shirika la Kikatoliki, waliwauza watu 272 kwa dola 115,000 kwa wenye mashamba wa Louisiana, na sehemu ya fedha hizo iliokoa chuo chao kilichokuwa na madeni, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Georgetown. Mwaka 2015 mhitimu wa chuo hicho, Richard Cellini, aliuliza watu hao waliishia wapi, akajibiwa kwamba walikufa kwa homa katika vinamasi vya Louisiana bila kuacha kizazi. Hakukubali jibu hilo, akachangisha fedha na kuwaajiri watafiti wa nasaba. Mapadri walikuwa wameandika ubatizo, ndoa na mauzo kwa majina, na kwa kuwa wengi wa waliouzwa waliendelea kuwa Wakatoliki huko walikopelekwa, rejista za parokia za Louisiana ziliupokea uzi ulioanzia Maryland. Cornelius Hawkins, aliyekuwa na umri wa miaka 13 hivi alipouzwa, alipatikana amezikwa katika makaburi ya mji wa Maringouin, na wazao wake bado waliishi jirani. Wazao waliotambuliwa hadi sasa ni maelfu. Jibu la kwamba wote walikufa lilikuwa limedumu kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kulichunguza.

Wengi hudhani kwamba kipimo cha vinasaba kitawaepusha na makaratasi. Kipimo kina nguvu kubwa kinapomtambua binamu, lakini ni dhaifu kinapodai kumtajia mtu kabila lake. Ukirudi nyuma vizazi saba una wahenga 128. Kipimo cha mkondo wa mama humzungumzia mmoja tu kati yao. Majina ya nchi yanayotolewa katika majibu ni ya mipaka iliyochorwa na wakoloni baada ya biashara ya watumwa wa Atlantiki kumalizika. Panapokuwa na kaburi, karatasi na vinasaba kwa pamoja, matokeo huwa ya namna nyingine kabisa. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa watu 27 waliozikwa Catoctin Furnace, kiwanda cha chuma cha Maryland kilichotumia watumwa. Vinasaba vyao vililinganishwa na vya wateja wa kampuni ya 23andMe waliokubali kushiriki, na jamaa 41,799 wakapatikana miongoni mwao.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kama sisi tumo katika habari hii. Wengi wa watu 388,000 hivi waliofikishwa moja kwa moja kutoka Afrika katika nchi ambayo leo ni Marekani walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Hata hivyo sisi tumo, kwa idadi ndogo. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, aliyeanza mwaka 1984 kusoma hati za mahakama ya Pointe Coupee, Louisiana, alikusanya habari za watumwa zaidi ya 100,000, na kwa kuwa makarani wa Kifaransa na Kihispania walikuwa na desturi ya kuandika taifa la kila mtumwa, miongoni mwa majina ya mataifa hayo limo la Makua. Msomaji wa Masasi analijua jina hilo bila kutafsiriwa. Hapo pia, aliyetoa neno hilo kwa karani alifanya hivyo siku ambayo mtu alikuwa akithaminiwa au kuuzwa.

Nirudi kwa Melvinia. Akiwa bado kijana huko Georgia alimzaa Dolphus kwa mwanamume Mzungu ambaye jina lake familia haikulitaja. Mwaka 1870 sensa ilimkuta akifanya kazi ya shamba karibu na shamba la Charles Shields, mtoto wa bwana wake wa zamani. Mwaka 2012 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa wazao wa pande zote mbili vilithibitisha undugu wao, na ushahidi ulimwelekea Charles huyo. Upande wa familia nyeupe walijua kwamba majibu yanaweza kuwaaibisha, na waliokubali kutoa sampuli walifanya jambo ambalo wengi wenye sanduku la karatasi za babu darini bado wanaliogopa. Bila kukubali kwao, nafasi ya baba wa Dolphus ingebaki wazi kama zile nafasi mbili za cheti cha 1938.

Kuna sehemu moja ya maisha yake ambayo hakusaidiwa na karani yeyote. Baada ya miaka mingi Melvinia aliondoka kwenye ardhi ya akina Shields akahamia kaunti ya Bartow, upande wa kaskazini wa Georgia. Huko waliishi naye Mariah na Bolus Easley, watu waliokuwa watumwa pamoja naye alipokuwa mtoto katika shamba la Patterson, South Carolina, kabla wosia haujawatawanya. Dolphus akamuoa Alice, binti wa akina Easley.